DDX3X: helikesi inayodhuru ikipungua na inayodhuru ikizidi

Wanaoandika kuhusu saratani na magonjwa ya jeni wamezoea kuzigawa protini katika makundi mawili, yaani zile zinazochochea ugonjwa na zile zinazouzuia, na kwa protini nyingi mgawanyo huo unatosha. Kwa DDX3X hautoshi. Kila ninapoifuatilia protini hii katika machapisho ya utafiti naikuta pande zote mbili. Inavisaidia virusi vya UKIMWI kusafirisha RNA yao kutoka kwenye kiini cha seli, na papo hapo inaiamsha kinga dhidi ya virusi hivyohivyo. Imeonekana kuzidi katika baadhi ya saratani za mapafu na za matiti, ilhali katika limfoma kadhaa, yaani saratani za seli za limfu, jeni yake imeharibiwa. Tena mtoto wa kike aliyezaliwa na nakala moja mbovu ya jeni hiyo anaweza kuchelewa kukaa, kutembea na kusema. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba mambo haya hayapingani. Mengi kati yake yanatokana na kazi moja ileile, na kinachotofautiana ni kiasi cha protini kilichopo, seli iliyomo na wakati inapohitajika.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye umbo la RNA. RNA ni mnyororo wa herufi nne, A, U, G na C. Kwa kuwa A hushikana na U, nayo G hushikana na C, mnyororo huo haukai ukiwa umenyooka; hujikunja, ukajishika wenyewe, ukafanya mashina na vitanzi vya kila namna. Mikunjo mingine ni ya lazima, kwa maana ribosomu, yaani mtambo unaotengeneza protini, kwa sehemu kubwa ni RNA iliyokunjwa kwa ustadi mkubwa. Mikunjo mingine ni kikwazo. RNA ujumbe, ile inayobeba maelekezo kutoka kwenye jeni hadi kwenye ribosomu, huwa na kipande cha mwanzo ambacho hakisomwi kuwa protini, na katika baadhi ya jumbe kipande hicho kimejikunja vibaya sana. Sehemu ndogo ya ribosomu hupanda hapo na kuanza kusogea ikizitafuta herufi tatu, AUG, zinazoonyesha mahali pa kuanzia. Ikikuta shina gumu njiani, hukwama.

Hapo ndipo helikesi zinapohitajika. Hizi ni vimeng'enya vinavyotumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kuzitenganisha herufi zilizoshikana. Mwanadamu ana helikesi za RNA zaidi ya 60, na kundi kubwa kuliko yote kati yake linaitwa DEAD, kutokana na alama za asidi amino nne (asidi amino ni matofali yanayojenga protini) zinazofuatana ndani ya kila mwanakundi: aspatiki, glutamiki, alanini, na aspatiki tena. Kundi hilo lilitambuliwa na kupewa jina mwaka 1989. DDX3X, yenye asidi amino 662, ni mmoja wa wanachama wake.

Namna inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengi ya yale yanayofuata. Katikati ya protini hii kuna vipande viwili vikubwa vilivyounganishwa na kiungo kinachonyumbulika. Isiposhika kitu, vipande hivyo huelea kila kimoja kivyake. ATP ikiingia kati yao na RNA ikilala juu yao, vipande hukaribiana na kufungana kwa nguvu, na katika kufungana huko uzi mmoja wa RNA hupindwa kiasi cha kutoweza tena kushikana na mwenzake. Jozi chache za herufi huachana papo hapo, na zile zilizobaki, kwa uchache wake, haziwezi kujishikilia peke yake. Kisha ATP huvunjwa, vipande hufunguka, na RNA huachiliwa.

Zingatia mpangilio huo. Watu wengi, hata wanafunzi wa biolojia, hufikiri kwamba kila helikesi hutambaa juu ya uzi ikiufungua hatua kwa hatua kama zipu ya nguo, na zipo helikesi zinazofanya hivyo kweli. Za kundi la DEAD hazitambai. Hufungua pale ziliposhika, kwa umbali mfupi tu, na ATP moja inaweza kutosha kukifungua kipande kifupi cha nyuzi mbili. La muhimu zaidi ni kwamba kule kuvunjwa kwa ATP kunatumika hasa kuiachia RNA. Maana yake ni kwamba helikesi hii inaweza kuharibika kwa njia mbili zisizofanana: inaweza kukosekana, au inaweza kuwepo ikashika na isiachie. Namwomba msomaji aishike tofauti hii, kwa kuwa itarudi tutakapofika kwenye ubongo.

Ndani ya seli, DDX3X haihitajiki kwa kiwango kilekile na kila RNA. Hamira ina ndugu wa protini hii anayeitwa Ded1, na hamira isiyo na Ded1 haiishi. Katika seli za binadamu picha ni ya kuchagua zaidi. Ikipunguzwa, sehemu kubwa ya usanisi wa protini huendelea karibu kama kawaida, lakini jumbe zenye vipande vya mwanzo vilivyojikunja sana husomwa kwa shida, na miongoni mwake zimo jumbe zinazohusika na ukuaji wa seli na mzunguko wa kugawanyika kwake. Kwa hiyo upungufu wa DDX3X hauzimi seli. Unabadilisha uwiano wa protini, na madhara yake yanategemea ni jumbe gani seli hiyo ilikuwa inazitegemea wakati huo.

Sasa tuje kwenye herufi X ya mwisho katika jina lake. Jeni ya DDX3X iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu X. Wanawake wana kromosomu X mbili, na katika kila seli moja yao hunyamazishwa mapema sana katika maisha ya kiinitete ili kiasi cha protini kilingane na cha wanaume wenye X moja. Hata hivyo, baadhi ya jeni hukwepa kunyamazishwa, na DDX3X ni mojawapo. Seli ya mwanamke husoma nakala zote mbili. Mwanamume naye, kwenye kromosomu yake Y, ana jeni pacha iitwayo DDX3Y, ambayo protini yake inafanana na ya DDX3X kwa takriban asilimia 92. Kromosomu Y imepoteza sehemu kubwa mno ya jeni zake katika historia ndefu ya mamalia, na zile chache zilizosalia hazikusalia kwa bahati. Kwa maoni yangu, huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba kiasi cha helikesi hii ni jambo ambalo mwili haulifanyii mchezo: wanawake wanatunza nakala mbili zinazofanya kazi, na wanaume wanatunza moja pamoja na pacha wake.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti kutoka nchi mbalimbali lilichapisha taarifa za wanawake na wasichana 38 waliokuwa na mabadiliko mapya katika jeni hiyo, mabadiliko ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Wote walikuwa na ulemavu wa akili, wengine mdogo na wengine mkubwa. Wengi walikuwa na misuli iliyolegea tangu uchanga, na wapo waliokuwa na kifafa, dalili za usonji, au matatizo ya mwendo. Picha za ubongo zilionyesha kwa baadhi yao kwamba mkanda mnene wa neva unaounganisha nusu mbili za ubongo ulikuwa mwembamba kuliko kawaida. Watafiti hao walikadiria kwamba jeni hii peke yake inahusika na asilimia 1 hadi 3 ya ulemavu wa akili usiojulikana chanzo miongoni mwa wanawake. Kwa jeni moja, hicho ni kiwango kikubwa sana, na inasikitisha kufikiria ni familia ngapi zilizunguka kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine kabla ya mwaka huo bila kupata hata jina la kile kilichompata mtoto wao.

Katika taarifa hiyohiyo zilikuwamo familia tatu ambamo walioathirika walikuwa wavulana, nao walikuwa wamerithi badiliko dogo kutoka kwa mama zao, na mama hao wenyewe hawakuwa na dalili. Badiliko hafifu, ambalo mwanamke mwenye nakala ya pili nzima hulimudu, humlemea mvulana asiye na nakala nyingine ya X. Mabadiliko makali kama yale ya wasichana wale 38 ni nadra sana kwa wavulana. Majaribio ya panya yanaelekeza kwenye jibu: viinitete vya kiume vilivyoondolewa jeni hii kabisa hufa kabla ya kuzaliwa. Pacha wa Y, kwa hiyo, hawezi kuchukua nafasi yote ya mwenzake, angalau si katika hatua hizo za mwanzo.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kwa nini wasichana wawili wenye jeni ileile iliyoharibika hutofautiana sana kiasi kwamba mmoja anazungumza na kusoma, na mwingine hasemi neno? Mwaka 2020 utafiti uliokusanya watu 107 ulitoa sehemu kubwa ya jibu. Wale ambao nakala yao moja ilikatika kabisa, isitoe protini, kwa kawaida walikuwa na hali nafuu kuliko kundi fulani la wale ambao protini yao ilitengenezwa kwa urefu wake wote huku asidi amino moja tu ikiwa imebadilishwa mahali pabaya. Ni katika kundi hili la pili ndipo ilipoonekana sana hitilafu ambayo uso wa ubongo hujikunja katika mikunjo mingi midogo isiyo na mpangilio, nao ndio waliokuwa na ulemavu mzito zaidi.

Sababu ilionekana walipoichunguza protini yenyewe. Mabadiliko hayo makali yaliidhoofisha mno kazi ya kufungua RNA, na ndani ya seli changa za ubongo yakasababisha RNA na protini kujikusanya katika vijipunje visivyokuwa na sababu ya kuwepo. Hapa ndipo ile tofauti ya kukosekana na kung'ang'ania inapokuwa na uzito. Protini isiyokuwepo inaacha pengo ambalo nakala ya pili inaweza kulijaza kwa sehemu. Protini iliyopo lakini imepooza inaweza kuzishika jumbe ambazo nakala nzima ingezihudumia. Utafiti huo ulionyesha pia katika panya kwamba helikesi hii inahitajika wakati seli mama za gamba la ubongo zinapozalisha neva, kazi ambayo ina muda wake maalumu wakati wa ujauzito na haiwezi kurudiwa mtoto akishazaliwa.

Ukitoka kwenye ubongo unaokua ukaenda kwenye saratani, unaikuta jeni ileile. Mwaka 2012 makundi kadhaa yaliyokuwa yakisoma jeni za medulobilastoma, uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo unaowapata zaidi watoto, yaliripoti mabadiliko katika DDX3X, hasa katika aina ya uvimbe huo inayoendeshwa na njia ya mawasiliano ya seli iitwayo WNT. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba DDX3X ina mkono wake katika njia hiyohiyo, kwa kukiamsha kimeng'enya kinachopeleka ujumbe wa WNT ndani ya seli, na kwamba kwa kazi hiyo haihitaji kufungua RNA hata kidogo. Mwaka 2015, katika limfoma ya seli zinazoitwa NK/T, wagonjwa 21 kati ya 105 walikutwa na jeni hii ikiwa imebadilika.

Lakini simulizi inayonivutia kuliko zote ni ya limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji nchini Uganda. Saratani hii huanza pale jeni iitwayo MYC inapohamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa chini ya amri ya jeni za kingamwili, ikaanza kufanya kazi bila kizuizi. MYC huiamuru seli izalishe ribosomu na protini kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtu angetarajia seli hiyo iitunze DDX3X, kwa kuwa inasaidia kuzisoma jumbe za protini za ribosomu. Inatokea kinyume chake: jeni ya DDX3X hukutwa imeharibiwa, na hilo huonekana zaidi kwa wagonjwa wa kiume.

Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2021 yananiridhisha sana. Seli ambayo MYC imeiamsha ghafla hulemewa na protini inazozitengeneza, nyingi zikiwa zimekunjwa vibaya, na mzigo huo peke yake unaweza kuiua kabla haijawa saratani kamili. Kuipoteza DDX3X kunapunguza mwendo, na seli inapata nafuu na muda wa kujipanga upya. Baadaye, ikishaustahimili mzigo, upungufu uleule unageuka kuwa hasara, kwa sababu sasa inataka kukua kwa kasi na haina helikesi ya kutosha. Ndipo seli za wagonjwa wa kiume zinapoiwasha DDX3Y, ambayo kwa kawaida seli hizo za damu haziitengenezi kuwa protini, na usanisi unarudi kwenye kasi yake. Protini moja, katika saratani moja, ndani ya mgonjwa mmoja, kwanza inakuwa mzigo wa kutuliwa, kisha inakuwa hitaji linalotafutiwa mbadala.

DDX3Y yenyewe ilikuwa ikijulikana zaidi kwa jambo jingine. Iko katika eneo la kromosomu Y liitwalo AZFa, na wanaume waliopoteza eneo hilo lote kwa kawaida hawana kabisa seli za kuzalisha mbegu katika korodani zao. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba protini yake haipatikani nje ya korodani. Utafiti wa karibuni umeilegeza kauli hiyo, na umeonyesha kwamba katika kuzisoma jumbe za RNA mapacha hawa wanaweza kushikiana zamu, ingawa hawajikusanyi kwa namna moja wanapounda vijipunje vya RNA na protini.

Kwa upande wa virusi, mfano ulio wazi zaidi ni wa VVU. RNA nzima ya kirusi hiki ina herufi zaidi ya 9,000, na seli ina kawaida ya kuzizuia ndani ya kiini RNA ambazo hazijakatwa na kuungwa ipasavyo. Kirusi hukwepa zuio hilo kwa protini yake iitwayo Rev, ambayo huishika RNA hiyo na kuikabidhi kwa CRM1, msafirishaji wa seli yenyewe. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba usafiri huo unahitaji DDX3X; bila hiyo RNA ya kirusi haitoki vizuri. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wengine walionyesha kwamba protini hiyohiyo, ndani ya seli za kinga, huvitambua vipande vifupi vya RNA ya VVU ambavyo kunakiliwa kwake kulikatika mapema, na ikitambua hivyo hupeleka taarifa ya kuamsha interferoni, protini zinazoitahadharisha kinga dhidi ya virusi. Kirusi nacho kina njia ya kuizima taarifa hiyo. Virusi vya homa ya ini aina ya C huishika DDX3X kwa protini ya gamba lao na huihitaji ili vizaliane. Virusi vya vaksinia, vinavyotumika kutengeneza chanjo ya ndui, vina protini iitwayo K7 ambayo kazi yake mojawapo ni kuishika DDX3X ili isiamshe interferoni. Kirusi hakibebi silaha dhidi ya kitu kisichokisumbua, kwa hiyo naichukulia K7 kuwa shahidi wa kuaminika kwamba helikesi hii ni askari halisi wa kinga.

Ndani ya seli za kinga ipo pia zamu ya kuamua kati ya uhai na kifo. Seli ikipata msongo, kwa mfano wa joto au wa sumu, husimamisha usomaji wa jumbe nyingi na kuzihifadhi katika vijipunje vya muda, ambavyo DDX3X ni sehemu yake. Seli hiyohiyo ikihisi hatari ya aina nyingine, huunda mtambo wa uvimbe uitwao inflamasomu ya NLRP3, ambao huipasua seli na kumwaga viamsha kinga, na mtambo huo nao unaihitaji DDX3X. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vijipunje vikiichukua protini hiyo, inflamasomu hukosa ya kutumia na seli huokoka.

Haya yote yanafanya utengenezaji wa dawa kuwa jambo la kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kizuizi cha DDX3X kiitwacho RK-33 kimewahi kuzifanya seli za saratani ya mapafu zidhurike zaidi na tiba ya mionzi katika panya, na vizuizi vingine vimejaribiwa dhidi ya virusi katika maabara. Wazo la kupambana na kirusi kwa kukinyima msaidizi wake wa ndani ya seli ni zuri, kwa kuwa kirusi hubadilika haraka na msaidizi habadiliki. Lakini yeyote atakayependekeza kuizuia protini hii kwa miezi mingi ana wajibu wa kueleza itakuwaje kwa kinga ya mgonjwa. Kwa mama mjamzito sioni namna ya kulihalalisha jambo hilo, baada ya yale tuliyojua kuhusu gamba la ubongo. Kwa wasichana wenye nakala moja mbovu tatizo ni la upande wa pili: kuongeza jeni nzima kunaweza kumsaidia yule aliyepungukiwa protini, lakini yule ambaye protini yake imepooza huenda akahitaji kwanza nakala hiyo mbovu inyamazishwe, na dirisha la kufanya hivyo ni jembamba kwa kuwa sehemu kubwa ya madhara hutokea kabla ya kuzaliwa.

Njia ninayoiona kuwa na matumaini zaidi kwa sasa ni ile ya limfoma ya Burkitt kwa wagonjwa wa kiume. Uvimbe wao, baada ya kuipoteza DDX3X, umebaki ukiitegemea DDX3Y, wakati seli nyingine nyingi za mwili bado zina DDX3X ya kutosha. Dawa inayoishika DDX3Y peke yake ingeidhuru seli ya saratani kuliko jirani zake. Ugumu uko kwenye ule ufanano wa asilimia 92: vile vipande viwili vinavyofungana juu ya RNA, ambavyo ndivyo vyenye mfuko wa ATP ambao dawa nyingi za aina hii hulenga, vinakaribia kuwa sawasawa katika mapacha wote wawili, na kwa hiyo mtafiti atalazimika kutafuta pa kushika kwenye ncha za protini, ambako tofauti ni nyingi zaidi lakini ambako hakuna umbo imara la kuishikilia dawa.